Sakafu ya Mama Hana

Hamduni alikuwa mtu wa kinyaa. Tangu utoto wake pale Mukendo, mjini Musoma, alikuwa hali ndizi iliyoshikwa na mtu mwingine, hapeani mkono na wavuvi, na akipita kwenye samaki huziba pua kwa ncha ya kanzu mpaka atokee upande wa pili. Kikombe cha mkahawani alikisuuza upya kwa maji ya moto, mwenye mkahawa akimkata jicho. Ungemwona ungedhani huyu ni mcha Mungu. Wapi! Hamduni alikuwa mwizi, tena si mwizi wa njaa. Aliwaibia akina mama sokoni, aliwaibia waliosinzia melini, alimwibia hata fundi aliyemfundisha cherehani, halafu jioni anakaa barazani kutoa uchafu wa kwenye kucha kwa kijiti. Mikono safi ndiyo dini pekee aliyokuwa nayo.

Mwenzake alikuwa Twalib, mtoto wa mvuvi wa Kibara, mnene, mcheshi, mwepesi wa vidole, ambaye yeye hakuwa na kinyaa cha kitu chochote chini ya jua. Wawili hawa, miaka michache kabla ya Mwingereza kushusha bendera yake, waliiba dhahabu kwenye machimbo ya Mzungu mmoja. Jinsi walivyoiba haina sifa yoyote ya kusimuliwa. Walimlewesha mlinzi pombe, mlinzi akalala, basi. Kilichotoka humo kilikuwa unga wa dhahabu uliojaa ngumi moja, umefungwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe cha bafta, na Hamduni aliuficha kiunoni na hakumwachia mtu aushike.

Alijua anachotaka kuufanyia. Angepanda meli Musoma, ashukie Kisumu, ajenge nyumba yenye sakafu ya sementi. Hiyo sementi aliiongelea kuliko watu wanavyoongelea wachumba. Sakafu ngumu, laini, ya kijivu, unamwaga ndoo ya maji na uchafu wote unatoka nje. Twalib alimsikiliza njia nzima wakikata pori, maana barabara za kwenda Musoma na Bunda zilikuwa na askari, na wageni wote walikuwa wanapekuliwa.

Ndivyo walivyofika kwa mama Hana.

Mama Hana alikuwa mjane aliyebatizwa misheni, mwenye mji wake wa nyumba chache kwenye kilima kati ya Butiama na Bunda, ng'ombe wachache na shamba la pamba lililokuwa limepasuka jeupe bila watu wa kulichuma. Twalib alisema wao ni ndugu wawili wanaotafuta kibarua. Mama Hana hakuuliza la pili. Aliwapa ugali wa mtama na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akawaonyesha kijumba cha kulala kando ya zizi.

Hamduni alikuwa amekwisha kuinua kibuyu mdomoni alipomwona mama huyo uani akisuuza kibuyu kingine. Hakukisuuza kwa maji. Alikikingia nyuma ya ng'ombe aliyekuwa anakojoa, akakitikisa, akamwaga, kisha akakifukiza kwa kijinga cha moto. Hamduni alirudisha kibuyu chini taratibu, akaenda nyuma ya zizi, akatapika. Aliporudi Twalib alikuwa amemaliza maziwa yote na anajilamba. Hamduni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amekula najisi, najisi kabisa, ile inayooshwa mara nyingi. Twalib akamtazama kiunoni, pale dhahabu ya watu ilipofungwa, akacheka mpaka akakohoa.

Siku za mwanzo zilikuwa adhabu. Kila kitu pale kilitokana na mavi ya ng'ombe. Ghala la mtama lilisiribwa kwa mavi, ungo ulizibwa matundu kwa mavi, ukuta mavi, na sakafu, hiyo ndiyo kabisa, mama Hana aliipaka kwa viganja vyake mwenyewe, akiacha michoro ya vidole iliyopinda pinda, halafu ikikauka anaketi juu yake na kula. Hamduni alilala na viatu. Alikula embe tu, akimenya mwenyewe. Watoto wa majirani walimwita Bwana Pua kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa haubanduki puani, na aliwachukia hao watoto, akawachukia inzi, akamchukia Twalib aliyekuwa tayari anawaita ng'ombe kwa majina na ng'ombe wanaitika.

Kisha akaja Silasi.

Silasi alikuwa mwanangwa, kiongozi wa eneo lile chini ya mtemi, shemeji yake mama Hana, mtu wa maneno mengi na kofia ya jua. Asubuhi moja Hamduni alimwona akipanda kilima na askari wa serikali nyuma yake, bunduki begani. Wanapekua wageni. Hamduni alikuwa peke yake zizini, na mbele yake lilikuwepo lundo la mavi mabichi yaliyokusanywa tangu alfajiri, yanafuka mvuke. Hapo ndipo alipofikiri kama mtu wa mjini. Alijiuliza ni mahali gani duniani ambapo hakuna binadamu mwenye akili atakayetia mkono, na jibu lilikuwa linamnukia usoni. Akafumba macho, akasukuma lile furushi la bafta ndani mpaka kwenye kiwiko, akauchomoa mkono, akausugua kwa majivu na majani karibu ngozi itoke. Alijiona mjanja kupita kiasi.

Waligeuzwa mifuko, wakavuliwa viatu, hakikuonekana kitu. Silasi aliona haya kumsumbua shemeji yake bure, akakaa apate uji, na askari akakaa pembeni ya Hamduni na bunduki yake magotini. Hapo mama Hana akasema kwamba kesho watu wa sala wanakutania kwake, na sakafu yake imepasuka, na mwanangwa mwenyewe ameiona, aibu gani hii. Akaita jirani zake wawili. Wakalifuata lile lundo.

Hamduni alitazama. Hakuwa na la kufanya ila kutazama, kwa sababu goti la askari lilikuwa linagusa goti lake. Wanawake waliyachota mavi kwa mikono, wakicheka na kusimulia habari za kilabuni, wakamwaga maji, wakatia udongo na majivu, wakapandisha nguo zao na kuanza kukanyaga. Walikanyaga kama wanaofinyanga. Katikati ya kukanyaga mama Hana akainama, akavuta kitambaa kilichofunguka, akakikung'uta vizuri mle mle ndani.

"Nani ametupa kitambaa nzuri hivi?" aliuliza.

Akakifua, akakianika uani, na tangu siku ile kikawa cha kufunikia maziwa. Dhahabu ya Hamduni ikaingia nyumbani ndoo kwa ndoo, ikapakwa kwa viganja toka ukutani hadi kizingitini, ikachorwa michoro iliyopinda pinda. Askari akamuuliza kama anaumwa, mbona anatokwa jasho. Hamduni akasema ni harufu tu, hajaizoea. Lilikuwa jibu la kweli, pengine la kwanza mwaka ule.

Alipomweleza Twalib, yule mnene alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema labda imekwisha vizuri. Hamduni karibu ampige. Haijaisha, alimwambia, dhahabu haiozi, iko pale pale chini ya miguu ya yule bibi kizee, na yeye haondoki bila hiyo.

Kwa hiyo Hamduni, ambaye hakuwahi kushika ufagio tangu azaliwe, akawa mfagiaji. Kila asubuhi mama Hana akienda shambani, yeye anaingia nyumbani, mkono mmoja puani na mwingine na ufagio, anafagia kwa nguvu ile sakafu ya mavi mpaka itoe vumbi, anakusanya vumbi, analipeleka kijitoni na kulichekecha ndani ya sufuria kama alivyowaona wachimbaji wakifanya. Vumbi lile lilimwingia kooni na kwenye meno. Alijua ni vumbi la nini. Alitema mate siku nzima. Na jioni katika pindo la shati lake kunaingia chembe mbili tatu zinazometa, chache mno hata inzi asingezitambua.

Sasa watu wa kule si vipofu. Mwanamume anafagia nyumba ya mjane, bila kuambiwa, kila siku? Wanaume walimcheka, lakini wanawake waliliona jambo hilo kwa jicho lingine. Habari ikapanda kilima na kushuka, ikafika Butiama, na Silasi alipofanya baraza lake alimsimamisha Hamduni mbele ya watu wazima akasema tazameni, mtu wa mjini, msafi, mwenye viatu, lakini hana majivuno, anamfagilia mjane ambaye si mama yake. Watu wakapiga makofi. Hamduni alisimama pale akiwatazama wale wakulima wenye mikono iliyopasuka wakimpigia yeye makofi, akawadharau wote kwa pamoja. Niseme wazi, mimi ningekuwepo ningemzaba kibao.

Mama Hana ndiye aliyezidi kuwa mzigo. Alianza kumwekea Hamduni maji ya moto ya kuogea. Aliacha kumpa maziwa ya kibuyu, akamkamulia kwenye kikombe cha bati alichokiosha kwa maji mbele ya macho yake, ili aone. Alipopata furu wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, aliwakaanga kando, asitie kitu kingine. Hamduni alikunywa, alikula, akanenepa kidogo, na kila alipoinamia ile sakafu alizidi kumchukia kwa kuikanyaga kanyaga na kuishindilia dhahabu yake chini.

Twalib alimsaidia kuchekecha vumbi kwa muda, halafu siku moja akaweka sufuria chini akasema amechoka kuosha uchafu wa mama wa watu. Akaenda kuchuma pamba. Ukweli ni kwamba Twalib alikuwa amepotea kabisa. Aliamka kukamua kabla ya jogoo kuwika, alijua ng'ombe yupi ana hasira na yupi ana huzuni, aliongea na wazee habari za mvua. Alinuka zizi. Hamduni alimwambia hivyo, unanuka, na Twalib akajinusa kwapani akasema ndiyo, ananuka, lakini siku hizi akilala anapata usingizi.

Hamduni akaona kufagia hakutamfikisha Kisumu. Dawa ni kuichimba sakafu yote kwa mara moja, aibebe kwenye magunia ya pamba kama udongo, akaioshe mbali. Jumapili mama Hana hushinda kanisani. Jumapili moja ingetosha. Akaaga kwamba ana shangazi mgonjwa Musoma, akapanda lori la pamba kupitia Bunda, akakutana na sonara mmoja asiyeuliza maswali, akamuuzia zile chembe alizokuwa nazo, akaulizia meli. Alilala nyumba ya kulala wageni yenye sakafu ya sementi. Aliilalia bila mkeka, shavu likiwa chini, akaona raha isiyo na mfano. Akarudi na nauli ya meli mfukoni.

Alipofika kilimani alikuta watu wamejaa mlangoni. Silasi alikuwepo, na kofia yake. Wanawake wa sala walikuwepo. Twalib alisimama katikati yao, nguo zimejaa vumbi, si la pamba. Wakampisha Hamduni njia, wengine wakimsukuma mgongoni kwa mapenzi, mpaka kwenye kizingiti.

Sakafu ilikuwa ya sementi. Toka ukutani hadi ukutani, ngumu, laini, ya kijivu.

Twalib alikuwa ameuza pamba aliyopewa kama ujira wa kuchuma, akanunua mifuko ya sementi Bunda, akamleta fundi. Aliwaambia watu kwamba ndugu yake hana neno jingine mdomoni ila sementi, na kwa jinsi alivyomfagilia mama, amestahili kuiona. Kisha akamsogelea Hamduni, akitabasamu kwa ajili ya watu, akanong'ona.

"Sururu iko nyuma ya mlango. Kama unaweza kuivunja na yeye anatazama, vunja."

Hamduni alielewa. Huyu mnene hakusahau kilichomo humo chini. Amekifukia kwa makusudi, kwa jasho lake mwenyewe, tena anatabasamu.

Mama Hana akamshika mkono mbele ya wote. Kiganja chake kilikuwa kikavu, chenye nyufa, na kwa muda wote aliokaa pale Hamduni hakuwahi kukubali kimguse.

"Mimi nilikuwaga nakuona," alisema. "Unafagia huku umeziba pua. Nikasema, huyu mtoto wa watu anasikia kinyaa sana, lakini kwa ajili yangu anafagia tu. Sasa basi, baba. Hutashika tena hiyo uchafu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hamduni akatazama chini, kwenye sementi aliyoiota maisha yake yote, akasema ahsante mama. Angesema nini?

Lakini usidhani aliachia hapo. Mtu wa aina ile haachii kwa vigelegele. Alisubiri Jumapili. Akamwona mama Hana akishuka na kitabu chake cha nyimbo, Twalib yuko machungani na ng'ombe, mji mtupu. Akachukua sururu nyuma ya mlango, akasimama katikati ya nyumba. Alijua dhahabu nyingi imelala wapi, upande wa jiko, ambako mavi yalipakwa manene. Akasema moyoni kwamba hao watu wamejidanganya wenyewe, yeye hakuwaomba wampende. Akainua sururu, akaipiga sementi. Ikatoa cheche na kijishimo kisichozidi ukucha. Akapiga tena. Akainua mara nyingine, na kivuli kikaanguka mlangoni.

Alikuwa mama Hana. Alikuwa ameshika goti kwa mkono mmoja na kitabu cha nyimbo kwa mwingine, ameishia njiani na kurudi. Alitazama sururu iliyo juu. Alitazama kile kijishimo. Hamduni alisubiri ayowe, na kwa kweli alitamani ayowe, waje Silasi na askari na kilima kizima, wamwone alivyo, yaishe.

"Kumbe umeona," mama Hana alisema.

Hamduni alibaki na sururu juu.

"Sikumwambia mtu hata mmoja. Hii sementi iko baridi sana, baba. Tangu wameiweka silali. Magoti inaniuma mpaka nimeshindwa kufika kanisani leo." Akaketi kizingitini, akajinyoosha mguu kwa shida. "Twalib haoni. Silasi haoni. Wewe peke yako ndo umeona, unataka kunivunjia. Lakini usivunje, mwanangu. Twalib ataumia, alinunua kwa jasho yake. Weka chini hiyo kitu."

Hamduni akaishusha sururu. Angeweza kumwambia. Neno moja lingetosha. Badala yake aliiegemeza sururu ukutani, na yule mama akamtazama kwa huruma, akidhani Hamduni anayahurumia magoti yake.

"Tuipake tu juu," akasema mama Hana. "Mavi inashika joto. Twalib akirudi nitamwambia ni mimi nimetaka. Ila leo siwezi kuinama. Utanisaidia?"

Lundo lilikuwa zizini, bichi, la asubuhi ile. Hamduni alilichota kwa mikono, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kulichota. Akatia majivu na udongo, akavua viatu, akakanyaga. Yalipanda katikati ya vidole vya miguu, ya vuguvugu, yanateleza. Akayabeba mpaka ndani, akapiga magoti upande wa jiko, akaziba kwanza kile kijishimo alichokichimba. Mama Hana alimwelekeza kutoka kizingitini, nyoosha kiganja, baba, vuta kuja kwako, hapo umeacha uwazi, rudia. Akarudia. Dhahabu ilikuwa chini ya sementi na sementi chini ya mavi, na yeye juu ya vyote akitambaa kinyumenyume, akiacha nyuma yake michoro ya vidole iliyopinda pinda.

Alipokaribia mlango tumbo likamkataa. Akainama nje ya kizingiti akatapika, akajifuta kwa bega kwa sababu mikono haikufaa kujifutia.

Mama Hana akamwekea kiganja mgongoni.

"Pole. Leo hukuweza kuziba pua," alisema. "Inanuka sana, eh?"

"Si haya mavi, mama," Hamduni akasema.

Akamuuliza ni nini basi. Hamduni akajishika kiunoni, pale alipokuwa ameifunga dhahabu ya watu, akarudi kwenye magoti, kwa maana kipande cha kizingitini kilikuwa hakijapakwa bado.